Ombi Moja, Majibu Mawili: Usuluhishi wa Kimataifa Yugoslavia Ilipovunjika

Mwishoni mwa mwaka 1991 Rais Alija Izetbegović wa Bosnia na Herzegovina aliuomba Umoja wa Mataifa umpelekee walinda amani. Nchini mwake vita ilikuwa haijaanza. Jirani yake Kroatia ndiyo iliyokuwa ikiungua. Mji wa Vukovar ulikuwa umeanguka tarehe 18 Novemba baada ya kuzingirwa karibu miezi mitatu, na Izetbegović aliona wazi moshi unakoelekea. Jibu alilopewa lilikuwa la adabu, tena la kukataa: walinda amani hupelekwa mahali ambapo wanaopigana wamekubali kuacha, hawapelekwi mahali ambapo watu hawajaanza kupigana.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1992, Rais Kiro Gligorov wa Masedonia (tangu 2019 Masedonia Kaskazini) alipeleka New York ombi la namna ile ile. Safari hii alikubaliwa. Tarehe 11 Desemba 1992 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 795, na Januari 1993 askari wa kwanza wa kofia za bluu, Wakanada, walikuwa wamekwishafika.

Nchi mbili za shirikisho moja, na ombi moja. Bosnia ilizika watu wapatao 100,000 katika miaka mitatu na nusu. Masedonia ilivuka miaka hiyo hiyo bila vita. Sisi tuliokuwa tukisogea karibu na redio jioni wakati ule tuliyasikia majina ya Sarajevo na Srebrenica, miji ya Bosnia, hata tukayajua kama ya miji ya kwetu, na misikitini dua zikaombwa. Jina la Skopje, mji mkuu wa Masedonia, wengi wetu hatukulisikia hata mara moja. Vita iliyozuiwa haitangazwi katika taarifa ya habari.

Maelezo tunayopewa mara nyingi ni kwamba dunia ilichelewa. Siyakatai, ila hayamfundishi mtu kitu. Wajumbe wa Ulaya walikuwa ndani ya ndege siku moja hivi baada ya risasi za kwanza. Kulikuwa na mkutano wa amani, tume ya majaji, waangalizi, mwakilishi wa Katibu Mkuu na mikataba ya kusitisha mapigano isiyohesabika kwa urahisi. Tatizo lilikuwa kwingine: waliouona moto mapema hawakuwa na kiti cha kuombea msaada, na walioombwa walikuwa na dawa ya kidonda tu. Dawa ya kumzuia mtu asijeruhiwe hawakuwa nayo, na pale walipokuja kuitengeneza, Bosnia ilikuwa imekwishaungua.

Nyumba yenye wakuu wanane

Yugoslavia ilikuwa na jamhuri sita: Slovenia, Kroatia, Bosnia na Herzegovina, Serbia, Montenegro na Masedonia. Ndani ya Serbia kulikuwa na majimbo mawili yenye madaraka yake, Kosovo na Vojvodina. Kwa Waafrika wa kizazi cha uhuru hii ilikuwa nchi rafiki. Mkutano wa kwanza wa wakuu wa nchi zisizofungamana na upande wowote ulifanyika katika mji mkuu wake, Belgrade, Septemba 1961, mwenyeji akiwa Rais Josip Broz Tito.

Tito alifariki tarehe 4 Mei 1980. Katiba ya mwaka 1974 ilikuwa imeandaa urithi wake: urais wa pamoja wa watu wanane, mmoja kutoka kila jamhuri na kila jimbo, wakipokezana uenyekiti kila mwaka. Mpango huo ulisimama juu ya dhana moja, kwamba hakuna mtu atakayezikusanya kura za wenzake. Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia, alizikusanya. Mwaka 1989 alizinyang'anya Kosovo na Vojvodina madaraka yake, na Montenegro ikawa imeshikwa na watu wake. Hapo akawa na kura nne kati ya nane. Kwa kura nne huwezi kutawala, lakini unaweza kuzuia kila kitu. Tarehe 15 Mei 1991 ilipofika zamu ya Stipe Mesić wa Kroatia kuwa mwenyekiti, kambi hiyo ilimzuia, na shirikisho likabaki bila mkuu, huku jeshi lake kubwa likiwa halina amiri anayekubaliwa na wote.

Nakaa hapa makusudi, kwa sababu wapo bado wanaosema Yugoslavia ilivunjwa na chuki za kale. Watu hao wa chuki za kale walikuwa wakioana, wakizungumza lugha wanayoelewana bila mkalimani, wakiishi ngazi moja ya jengo moja kule Sarajevo. Kilichokatika kwanza ni hesabu ya kura. Raia alipoona kwamba hakuna chombo cha juu kitakachomlinda, ndipo alipoanza kutazama kabila la jirani.

Wa kwanza kujaribu usuluhishi walikuwa wenyeji, na ni haki kuwataja. Mwanzoni mwa Juni 1991 Gligorov na Izetbegović, marais wale wale wawili wa maombi yetu, waliweka mezani pendekezo la shirikisho lililolegezwa: kila jamhuri iwe na mamlaka yake, kisha zote zishirikiane soko, ulinzi na baadhi ya mambo ya nje. Hawa ndio waliokuwa na mengi ya kupoteza. Kwa sensa ya 1991 Bosnia ilikuwa na Waislamu asilimia 43 hivi, Waserbia 31 na Wakroatia 17, na hakuna kundi lililokuwa na nusu. Pendekezo lao halikupata wiki nne za kuishi. Tarehe 25 Juni Slovenia na Kroatia zilijitangazia uhuru, na siku mbili baadaye jeshi la shirikisho lilikuwa vitani Slovenia.

Nani mwenye haki ya kuita wazee?

Kwetu, ndoa ikiyumba, mume ana haki ya kwenda kwa wazee na mke ana haki hiyo hiyo. Watu wa pwani hata aya wanaikumbuka: mtumeni mwamuzi kutoka jamaa za mume na mwamuzi kutoka jamaa za mke. Mke hahitaji ruhusa ya mume ili kikao kiitishwe.

Kati ya mataifa mambo hayakupangwa hivyo. Ibara ya 2, kifungu cha 7, ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaukataza umoja huo kuingilia mambo yaliyo ndani ya mamlaka ya nchi. Ibara ya 35, inayoruhusu mgogoro kupelekwa mbele ya Baraza la Usalama, inazungumzia nchi. Jamhuri ndani ya shirikisho si nchi mpaka itambuliwe. Kiti cha Yugoslavia kule New York kilikuwa cha serikali ya Belgrade, yaani katika ugomvi huu, aliyekuwa na haki kisheria ya kuita wazee alikuwa yule mwenye nyumba, na waliokuwa wakiogopa kupigwa hawakuwa na njia ya kufika barazani ila kupitia mlango wake. Mkutano wa Usalama na Ushirikiano Barani Ulaya nao, uliokuwa na nchi 35 wakati ule, uliamua mambo kwa makubaliano ya wote. Yugoslavia yenyewe ilikuwa miongoni mwa hao wote.

Angalia jinsi jambo hili lilivyoipa sura hatua ya kwanza ya Baraza la Usalama. Azimio namba 713 la tarehe 25 Septemba 1991 lilipiga marufuku silaha kuingizwa Yugoslavia yote. Liliwezekana kwa sababu Waziri wa Mambo ya Nje wa Yugoslavia, Budimir Lončar, alikuwapo na akaliunga mkono. Ukilisoma juu juu ni azimio la amani. Lakini jeshi la shirikisho lilikuwa na maghala yamejaa na viwanda vya silaha vinafanya kazi, na tangu mwaka uliotangulia lilikuwa limeanza kukusanya bunduki za vikosi vya ulinzi vya jamhuri. Marufuku hiyo iliwakuta wengine mikono mitupu, ikawaacha hivyo hivyo.

Kulikuwa na hofu nyingine isiyosemwa kwa sauti. Umoja wa Kisovieti nao ulikuwa shirikisho linalopasuka, tena lenye silaha za nyuklia. Kila mji mkuu wa magharibi ulijiuliza: tukiwapokea Waslovenia leo, kesho tutawaambia nini watu wa Ukraine? Ndiyo maana James Baker, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipofika Belgrade tarehe 21 Juni 1991, aliziambia pande zote mbili mambo mawili kwa pamoja. Marekani haitatambua uhuru wa kujichukulia, na Marekani inapinga matumizi ya nguvu. Kila upande uliondoka na nusu iliyoupendeza.

Karata ya turufu ya Carrington

Jumuiya ya Ulaya, yenye nchi 12 wakati huo, ilijitwika kazi. Mawaziri wake watatu walikwenda na kurudi, na mmoja wao, Jacques Poos wa Luxembourg, akasema hii ni saa ya Ulaya. Tarehe 7 Julai 1991, katika kisiwa cha Brioni, walipata makubaliano: vita ya Slovenia isimame, na uhuru uliotangazwa uwekwe kando miezi mitatu. Waangalizi waliovaa nguo nyeupe walipelekwa. Vita ya Slovenia ikasimama kweli.

Mafanikio hayo yaliwapotosha. Slovenia haikuwa na Waserbia wengi, na Milošević hakuwa na haja nayo. Msuluhishi alidhani dawa yake imeponya, kumbe mgonjwa yule hakuwa na homa kali. Kroatia, yenye Waserbia asilimia 12 hivi, ilikuwa kisa kingine, na huko mapigano yalizidi majira yote ya joto.

Tarehe 7 Septemba 1991 mkutano wa amani ulifunguliwa The Hague chini ya Lord Carrington wa Uingereza. Huyu si mgeni kwa historia yetu. Ndiye aliyeongoza mazungumzo ya Lancaster House mwaka 1979 yaliyoizaa Zimbabwe huru, huku nchi za mstari wa mbele, Mwalimu Nyerere akiwa mwenyekiti wake, zikiwasukuma wapigania uhuru kutoka upande wa pili. Lakini Lancaster House ilikaa baada ya vita ndefu iliyowachosha wote. The Hague ilikaa wakati upande mmoja unaamini bado unaweza kushinda.

Mpango wa Carrington, nikiutazama leo, ulikuwa mzuri kuliko lolote lililokuja baadaye. Jamhuri inayotaka uhuru ipewe, kwa mipaka iliyopo, kwa sharti kwamba watu wachache ndani yake wapate ulinzi wa kisheria, na pale wanapokuwa wengi kimahali wapewe madaraka maalumu: lugha yao, shule zao, polisi wao. Tarehe 18 Oktoba 1991 jamhuri tano kati ya sita zilikubali, Montenegro ikiwamo. Serbia ilikataa, na Montenegro ikabanwa mpaka ikarudi nyuma.

Carrington hakuwa na jeshi. Alikuwa na karata moja ya turufu: kutambuliwa. Nia yake ilikuwa kwamba nchi zote 12 za Ulaya zitoe utambuzi kwa pamoja, mwishoni, kama zawadi kwa waliokubali mpango mzima. Kroatia ingewajibika kwanza kuwahakikishia Waserbia wake haki zao. Bosnia ingepata muda.

Ujerumani haikusubiri. Sababu zake zinaeleweka. Wananchi wake waliona kwenye televisheni Vukovar ikipondwa na Dubrovnik, mji wa kale wa pwani, ikipigwa mizinga, na nchi yenyewe ilikuwa imeungana mwaka uliotangulia kwa jina la haki ya watu kujiamulia. Tarehe 16 Desemba 1991 mawaziri wa Ulaya walikubaliana juu ya masharti ya kutambua, wakazipa jamhuri mpaka tarehe 23 kupeleka maombi. Siku hiyo hiyo ya 23 Ujerumani ikatangaza kuzitambua Slovenia na Kroatia, na tarehe 15 Januari 1992 Jumuiya nzima ikafuata. Carrington alikuwa amekwishaandika kuonya kwamba hatua ya namna hiyo inaweza kuwa cheche ya kuiwasha Bosnia. Katibu Mkuu Javier Pérez de Cuéllar alionya vilevile. Turufu ikachezwa mapema, na mezani hakukubaki karata.

Sisemi kwamba Kroatia haikustahili. Ilistahili. Kosa ninaloliona ni lile la kumwekea Izetbegović wiki moja achague kati ya mambo mawili: aombe uhuru, ajue theluthi ya watu wake wanaupinga na jeshi la Belgrade liko kambini ndani ya nchi yake, au anyamaze, abaki katika Yugoslavia iliyokatwa Slovenia na Kroatia, Milošević akiwa na sauti ya mwisho. Aliomba uhuru. Na askari wa kuulinda uamuzi huo hawakuwapo, ingawa aliwaomba.

Majaji na mipaka iliyotoka Afrika

Kando ya mkutano wa The Hague ilikaa tume ya marais watano wa mahakama za katiba, ikiongozwa na Robert Badinter wa Ufaransa. Maoni yake ya kwanza yalikwepa mtego mkubwa. Belgrade ilisema jamhuri zimejitenga, kwa hiyo ni waasi. Tume ikasema Yugoslavia yenyewe imo katika kuvunjika. Tofauti ni kubwa. Aliyejitenga anaiacha nchi mama ikiwa na haki zake zote. Nchi iliyovunjika haina mama, ina warithi tu, na wote ni sawa.

Kisha likaja swali la mipaka, na hapo tume iliegemea Afrika. Ilinukuu hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya mwaka 1986 katika kesi ya mpaka kati ya Burkina Faso na Mali, iliyosema kwamba nchi mpya hurithi mipaka iliyoikuta. Nyuma ya hukumu hiyo lipo azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo, Julai 1964, ambalo Nyerere alilipigania. Kwetu mstari huo wa wakoloni, pamoja na uchungu wake wote, umezuia vita vingi vya kudai vijiji. Lakini mstari humlinda mtu na jirani wa nje. Haumlindi na jirani wa ndani. Mserbia wa Knin aliyelala Yugoslavia na kuamka Kroatia alihitaji kitu cha ziada, na kitu hicho kilikuwa katika mpango wa Carrington uliokwisha kuachwa.

Tume ilipima maombi Januari 1992. Slovenia na Masedonia zilitimiza masharti. Kroatia ilikuwa na pungufu katika haki za wachache. Bosnia iliambiwa ifanye kura ya maoni. Matokeo? Kroatia ilitambuliwa pamoja na pungufu lake, na Masedonia ikaachwa pamoja na ukamilifu wake, kwa sababu Ugiriki ililikataa jina la Masedonia, ikidai ni la jimbo lake. Ukitaka kujua kwa nini watu wa Balkani hawakuamini tena masharti ya msuluhishi, anza hapo.

Kroatia kwenyewe risasi zilinyamaza mwezi huo huo. Cyrus Vance, mjumbe wa Katibu Mkuu, alipata usitishaji uliotiwa saini Sarajevo tarehe 2 Januari 1992, baada ya mingine zaidi ya kumi kuvunjwa. Ulishika kwa sababu kila upande ulikuwa na cha kupumzikia: Milošević na washirika wake walishika sehemu kubwa ya nchi, na Rais Franjo Tuđman alikuwa anangojea utambuzi na muda wa kujenga jeshi. Azimio namba 743 la tarehe 21 Februari likaunda kikosi cha Umoja wa Mataifa, ambamo Kenya nayo ilipeleka vijana wake, wakatumikia katika milima ya mawe ya Kroatia. Makao makuu ya kikosi hicho yaliwekwa Sarajevo. Hicho ndicho alichopata Izetbegović kwa ombi lake: ofisi, kwa matumaini kwamba bendera ya bluu mlangoni ingewatia watu haya.

Bosnia

Kura ya maoni ilifanyika tarehe 29 Februari na 1 Machi 1992. Asilimia 63 hivi ya waliojiandikisha walijitokeza, na karibu wote wakasema ndiyo. Waserbia wengi walisusia. Viongozi wao, Radovan Karadžić akiwa mbele, walikuwa wamekwishatangaza jamhuri yao ndani ya Bosnia tarehe 9 Januari.

Msuluhishi wa zamu alikuwa balozi wa Ureno, José Cutileiro. Alipendekeza Bosnia ibaki moja ila igawanywe katika maeneo kwa misingi ya makabila, na tarehe 18 Machi viongozi wa pande tatu walikubali kanuni za mpango huo. Siku chache baadaye Izetbegović alijitoa. Mpaka leo watu wanabishana. Wapo wanaosema hapo ndipo amani ilipotupwa. Mimi siwezi kusema hivyo. Vijiji vya makundi hayo matatu vilikuwa vimechanganyika kama nyuzi za mkeka. Huwezi kuchomoa rangi moja bila kuufumua wote, na ramani ya makabila iliyotolewa bila askari wa kuilinda ingekuwa imewaonyesha wenye bunduki nani ahamishwe wapi. Hata hivyo nakubali kwamba aliyekataa ramani ile hakuwa na nyingine mkononi. Miezi sita kabla, ilikuwapo.

Tarehe 6 Aprili 1992 Jumuiya ya Ulaya iliitambua Bosnia, na Marekani siku iliyofuata. Siku hizo hizo Sarajevo ilianza kuzingirwa, na haikufunguliwa kikamilifu mpaka Februari 1996. Maofisa wa Umoja wa Mataifa waliokuwa makao makuu yao waliyaona makombora kwa macho yao. Mwezi Mei wengi wao wakahamishwa. Mwaka uliofuata Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kuhukumu uhalifu uliofanyika, na ile ya Arusha ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipoanzishwa baadaye ilifuata mfano huo, hata mwendesha mashtaka mkuu akawa mmoja kwa miaka mingi. Mahakama huja watu wakishakufa.

Kwa nini Gligorov alisikilizwa

Kisheria Masedonia ilikuwa na hali mbaya kuliko Bosnia. Novemba 1992 haikuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa. Iliingia tarehe 8 Aprili 1993, tena kwa jina la muda ili Ugiriki itulie. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa haijaitambua. Kwa hiyo ile hoja kwamba mwombaji hana kiti haikuwa ukuta. Baraza la Usalama lilipotaka, liliuruka.

Kilichobadilika ni mambo matatu ambayo hayana uzito sawa. Dogo kabisa ni gharama: walihitajika askari wachache, na hata Wanordiki na Wamarekani walipoongezwa hawakuzidi sana 1,000. La pili ni kwamba jeshi la Belgrade lilikuwa limekwishaondoka. Gligorov aliafikiana nalo liondoke ifikapo Machi 1992, akaliacha libebe silaha karibu zote. Nchi ilibaki karibu bila vifaru, na wengi walimwona mnyonge. Lakini kwa njia hiyo alimwondolea msuluhishi kikwazo kikubwa, kwa kuwa hapakuwa tena na jeshi la upande wa pili ndani ya nchi lenye kuombwa idhini.

La tatu ndilo zito: Bosnia ilikuwa imeungua miezi minane. Wakuu wa New York walikuwa na aibu, na walikuwa na hofu. Kama Kosovo, lile jimbo la Serbia lenye Waalbania wengi, ingelipuka na moto kuvuka mpaka, Albania, Bulgaria, Ugiriki na Uturuki zingevutwa, na mbili kati ya hizo zilikuwa wakati ule wanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa magharibi. Inauma kusema, lakini Masedonia ililindwa kwa gharama ya somo lililolipwa Sarajevo.

Na askari wale walifanya nini? Walitembea mpakani, wakaandika walichokiona. Mpaka wenyewe haukuwahi kupimwa, maana jana ulikuwa mstari wa utawala ndani ya nchi moja, kwa hiyo Umoja wa Mataifa ulijichorea mstari wake wa doria. Juni 1994 wanajeshi wa Yugoslavia iliyobaki, yaani Serbia na Montenegro, walikalia kilima kiitwacho Čupino Brdo, Wamasedonia wakajiandaa kukikomboa, na kamanda wa Umoja wa Mataifa akazungumza na pande zote mpaka kilima kikaachwa. Nchi nyingi zimepigana kwa kilima kidogo kuliko hicho.

Ndani ya nchi kulikuwa na kazi isiyo na sare. Max van der Stoel, Mholanzi aliyekuwa kamishna wa ule Mkutano wa Usalama na Ushirikiano Barani Ulaya kwa masuala ya jamii za wachache, alikwenda Masedonia mara nyingi kwa ajili ya Waalbania, ambao ni zaidi ya mtu mmoja kwa kila watano. Ugomvi mkali ulikuwa wa chuo kikuu cha Kialbania huko Tetovo. Mwaka 1995 mtu mmoja aliuawa polisi walipokwenda kukifunga. Van der Stoel alikaa na suala hilo miaka, bila kamera, mpaka mwaka 2001 chuo kipya chenye kufundisha pia kwa Kialbania kikafunguliwa katika mji huo huo.

Kuna hoja ya kupinga ninayoiheshimu: kwamba Masedonia ingepona hata bila kofia za bluu, kwa sababu Waserbia wake walikuwa asilimia mbili tu na Milošević hakuitamani kama alivyoitamani Bosnia. Kuna ukweli humo. Ila historia ilitupa kipimo. Januari 1999 serikali mpya ya Masedonia ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Taiwan. Tarehe 25 Februari China ikatumia kura yake ya turufu kuzuia kikosi kisiongezewe muda, na walinda amani wakafungasha. Mwezi mmoja baadaye vita ya Kosovo ilisukuma wakimbizi zaidi ya 300,000 kuingia nchini humo, na mwanzoni mwa 2001 wapiganaji wa Kialbania walikuwa wakifyatua risasi kwenye vilima vya juu ya Tetovo.

Safari hii usuluhishi ulikuja kwa mpangilio ambao Carrington aliukosa. François Léotard kwa niaba ya Umoja wa Ulaya na James Pardew kwa niaba ya Marekani waliwaweka viongozi wa Wamasedonia na wa Waalbania kando ya ziwa Ohrid, NATO ikiwa tayari kupeleka askari kukusanya silaha mara tu saini zitakapowekwa. Tarehe 13 Agosti 2001 mkataba ulitiwa saini Skopje. Waliokufa walihesabika kwa mamia. Kialbania kikawa lugha rasmi pale wasemaji wake wanapofika asilimia 20, na sheria zinazogusa lugha, elimu na utamaduni zikahitaji kupata, pamoja na kura za wabunge wengi, kura za wengi kati ya wabunge wanaotoka katika jamii za wachache. Kanuni hiyo ilisaidiwa kuandikwa na mwanasheria Mfaransa aliyealikwa kushauri katika mazungumzo hayo, yule yule Robert Badinter wa tume ya 1991. Bungeni Skopje wanaiita kwa jina lake.